Nyuma ya "Sijambo": Nafasi ya Rafiki katika Maisha ya Anayeishi na Sonona

Utangulizi

Kiswahili kina salamu ambayo ndani yake mna ukanushi. Anayeulizwa "Hujambo?" huulizwa, kwa asili ya neno lenyewe, iwapo hana jambo lolote linalomsumbua. Naye hujibu "Sijambo", yaani sina jambo. Mtu aliyelelewa vyema hujibu hivyo hata akiwa na homa, na ni baada ya salamu kukamilika ndipo anaposema kwamba kichwa kinamuuma. Desturi hii ina busara yake, kwa kuwa huwapa wawili nafasi ya kutulia kabla ya kuelezana shida. Hata hivyo, yapo maradhi ambayo hujificha vizuri sana ndani ya jibu hilo, na mwenye kuugua akapita sokoni, kanisani na darasani akijibu "Sijambo" mwezi baada ya mwezi. Maradhi hayo ni sonona.

Makala haya yanadhamiria kueleza jinsi rafiki anavyoweza kumfaa mwenzake anayeishi na sonona. Mazingira yanayorejelewa ni Sigalame, katika eneo la Samia, Kaunti ya Busia, karibu na mpaka wa Kenya na Uganda. Sigalame inafanana na vijiji vingi wanakotoka wanafunzi wa vyuo vikuu: daktari wa magonjwa ya akili yuko mbali, ilhali jirani na rafiki wako karibu. Hoja kuu ni kwamba rafiki si tabibu na wala hatakiwi kuwa tabibu. Kazi yake ni tatu: kuuliza swali la pili baada ya "Sijambo", kulisikiliza jibu lake bila kuhukumu, na kumsindikiza mgonjwa hadi afike kwa anayeweza kumtibu.

Sonona ni nini?

Tatizo la kwanza ni la istilahi. Nchini Kenya, magazeti na redio aghalabu hutumia "msongo wa mawazo" kwa maana ya shinikizo la kawaida la maisha na pia kwa maana ya ugonjwa huu. Wengine husema "unyogovu", na wengine "mfadhaiko". Neno "sonona", ambalo limeenea zaidi nchini Tanzania, lina faida ya kuwa na jamaa zake katika lugha: kusononeka ni kuumia moyoni, na masononeko ni maumivu hayo. Istilahi inapochanganya mambo mawili, tiba nayo huchanganyika. Mwanafunzi aliyeshikwa na wasiwasi wa mtihani hupata nafuu mtihani ukiisha, lakini mwenye sonona huweza kufaulu mtihani na asione tofauti yoyote.

Kitabibu, sonona hutambuliwa kwa dalili zinazokaa kwa muda wa wiki mbili au zaidi, karibu kila siku. Mgonjwa huwa na huzuni isiyoondoka, au hupoteza hamu ya mambo aliyoyapenda. Fauka ya hayo, huweza kukosa usingizi au kulala kupita kiasi, kupoteza hamu ya chakula au kula ovyo, kuchoka bila kufanya kazi, kushindwa kumakinika, kujiona hana thamani, kujilaumu kwa mambo yasiyo makosa yake, na pengine kufikiria kifo. Baadhi ya wagonjwa hawalalamiki juu ya huzuni kamwe. Hulalamika kwamba mgongo unauma, kichwa kinagonga, au mwili hauna nguvu. Wengine, hasa wanaume, huonekana wenye hasira au huzama katika pombe.

Chanzo chake si kimoja. Kuna urithi wa kifamilia, mabadiliko ya mwili kama yanayompata mama baada ya kujifungua, magonjwa ya muda mrefu, msiba, ukatili, ukosefu wa kazi na madeni. Shirika la Afya Duniani limekadiria kwamba zaidi ya watu milioni 280 ulimwenguni wanaishi na hali hii. Kwa hiyo si ugonjwa wa Wazungu, wala si wa matajiri wa mjini. Mvuvi wa Sio Port, mama muuza dagaa wa Sigalame na mhadhiri wa chuo kikuu, wote huweza kuupata.

Lugha inayoumiza

Mgonjwa wa malaria haambiwi ajikaze ili homa ishuke. Mgonjwa wa sonona huambiwa. "Jikaze kisabuni" ni kauli ya mzaha inayotamkwa kwa nia njema, lakini humfikia mgonjwa kama hukumu: kwamba angetaka kupona, angepona. Vivyo hivyo methali zetu. "Mstahimilivu hula mbivu" ni nasaha bora kwa mkulima anayengoja mavuno. Kwa mtu ambaye hawezi kuinuka kitandani, methali hiyo humwongezea deni asiloweza kulilipa. Kauli kwamba wako wenye shida kubwa kuliko zake humfundisha kuona aibu, na aibu humfundisha kunyamaza.

Kuna pia maelezo yanayotafuta mkosaji. Yupo atakayesema mgonjwa amerogwa, mwingine atasema ana laana ya ukoo, na mwingine atasema imani yake imepungua. Rafiki hahitaji kubishana na itikadi za familia. Maombi na ushauri wa wazee huweza kumpa mgonjwa faraja na watu wa kukaa naye, na hayo yana thamani. Kinachopaswa kukataliwa ni pale maelezo hayo yanapotumiwa kumlaumu mgonjwa au kumzuia asitibiwe.

Lugha ina methali nyingine zinazofaa zaidi katika hali hii. "Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake" humfundisha msikilizaji unyenyekevu. "Mficha maradhi kilio kitamfichua" hueleza hatari ya kunyamaza, mradi isitumiwe kumtisha mgonjwa. Na "Akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki" huweka wajibu mahali pake, kwa mwenye nguvu ya kufaa.

Fasihi nayo imelitazama jambo hili. Wanafunzi wa Kiswahili wanazifahamu riwaya za Euphrase Kezilahabi, mzaliwa wa Ukerewe, kisiwa kilicho katika Ziwa Victoria, ziwa lile lile linalopakana na nchi ya Wasamia. Katika Rosa Mistika (1971) na Kichwamaji (1974), wahusika wakuu, Rosa na Kazimoto, wanajitoa uhai. Uhakiki huweza kuvitazama vifo hivyo kwa mkabala wa udhanaishi, wa malezi au wa mgongano wa tamaduni. Swali jingine pia linastahili kuulizwa darasani: kabla ya mwisho huo, ni nani aliyekuwa akimsikiliza mhusika?

Swali la pili

Tuchukue mfano wa kubuni. Kijana wa Sigalame amemaliza kidato cha nne na anaendesha pikipiki ya mtu kwa malipo ya kila siku. Rafiki yake, waliyesoma naye, yuko chuo kikuu na amerudi nyumbani likizoni. Anagundua kwamba mwenzake haji tena uwanjani jioni, hacheki, na pikipiki imeegeshwa nyumbani siku nzima. Akimwamkia, mwenzake hujibu "Sijambo" na kutazama chini. Mazungumzo yao yanaweza kuishia hapo, au yanaweza kwenda hivi:

"Ndugu yangu, sijakuona uwanjani wiki tatu sasa, na mama ameniambia huli vizuri. Sikuja kukulaumu. Nataka kujua unajisikiaje hasa."

Kauli hiyo ina mambo matatu. Inataja kilichoonekana, haitoi hukumu, na inauliza swali ambalo haliwezi kujibiwa kwa "Sijambo". Mahali pa kuliulizia ni muhimu pia. Jambo hili halizungumzwi kwenye steji ya pikipiki mbele ya watu, wala mezani pa pombe. Kutembea pamoja kuelekea shambani au kuchota maji kunafaa zaidi kuliko kukaa ana kwa ana, kwa kuwa anayetembea ana uhuru wa kunyamaza bila kuonekana amenyamaza.

Jibu huenda lisije siku hiyo. Mgonjwa akisema hataki kuzungumza, inatosha rafiki kusema, "Sawa. Nitapita tena Jumamosi," kisha apite kweli Jumamosi. Ahadi ndogo inayotimizwa ina uzito kuliko hotuba, kwa sababu sonona humshawishi mgonjwa kwamba hakuna anayemjali.

Jibu likija, kazi ya rafiki ni kusikiliza. Asikimbilie kutoa suluhisho, wala asilinganishe na masaibu yake mwenyewe. "Pole, hilo ni zito", "Asante kwa kuniambia" na "Tutalitafutia njia pamoja" ni maneno machache, lakini yanatosha. Msaada wa vitendo nao huzungumza. Mwenye sonona huweza kushindwa na kazi ndogo kama kufua au kupika. Kusema "Ukihitaji chochote niambie" humwachia mgonjwa mzigo wa kuomba. Ni bora zaidi kusema, "Kesho asubuhi nitakuja tupalilie ile mistari miwili ya mahindi."

Kumsindikiza hadi kwenye tiba

Inaaminika kwamba jina "bodaboda" lilizaliwa Busia. Kati ya kituo cha mpaka cha Kenya na kile cha Uganda palikuwa na kipande cha njia ambacho wasafiri wengi walilazimika kukivuka kwa miguu na mizigo yao. Kuanzia miaka ya 1960, wenye baiskeli walianza kuwabeba watu kupitia kipande hicho, wakinadi neno la Kiingereza la mpaka mara mbili, nalo likatoholewa. Mwenye baiskeli hakuwa afisa wa forodha wala hakumwandikia msafiri hati. Alimfikisha tu kutoka lango moja hadi jingine. Nafasi ya rafiki inafanana na hiyo. Kati ya nyumba ya mgonjwa na chumba cha tabibu pana kipande cha njia, na wengi hukwama hapo.

Safari hiyo haianzi Nairobi. Ingawa Hospitali ya Mathari, iliyoanzishwa mwaka 1910, ndiyo inayojulikana zaidi kwa tiba ya akili nchini, hatua ya kwanza ni zahanati au kituo cha afya kilicho karibu. Afisa wa kliniki huweza kumchunguza mgonjwa na kuhakikisha kwamba uchovu wake hautokani na upungufu wa damu, malaria au ugonjwa mwingine wa mwili. Ikihitajika, humpa rufaa kwenda hospitali ya kaunti mjini Busia. Kadhalika, tangu Septemba 2023 serikali imewasambaza vijijini wahamasishaji wa afya ya jamii wapatao 100,000 kote nchini. Mhamasishaji anayeifahamu familia huweza kuwa daraja, mradi mgonjwa mwenyewe akubali ahusishwe.

Rafiki huweza kusaidia kwa kuuliza siku ya kliniki, kuchangia nauli, kwenda naye na kungoja naye foleni. Anaweza pia kumsaidia kuandika dalili zake kwenye karatasi, kwa maana mbele ya tabibu wengi hurudi kwenye "Sijambo" yao.

Tiba yenyewe ni ya aina mbili kuu, unasihi na dawa, na mara nyingi hutumiwa pamoja. Ni muhimu rafiki ajue kwamba dawa za sonona hazifanyi kazi kwa siku moja kama za maumivu ya kichwa. Huchukua wiki kadhaa kabla nafuu haijaonekana, na madhara madogo huweza kutangulia nafuu hiyo. Wengi huziacha katika kipindi hiki. Wengine huziacha mara wanapojisikia vizuri, na ugonjwa ukarudi. Mgonjwa asiache dawa ghafla bila ushauri wa tabibu. Neno la rafiki katika wiki hizo za kungoja huweza kuamua iwapo tiba itakamilika.

Swali zito

Wapo wanaoogopa kumuuliza mgonjwa iwapo anafikiria kujitoa uhai, wakidhani kwamba swali litampandia wazo hilo. Wataalamu wa afya ya akili hawakubaliani na hofu hiyo. Kuulizwa waziwazi na kwa upole hakumwingizii mtu wazo jipya. Aghalabu humpunguzia upweke wa kulibeba peke yake. Swali liwe wazi: "Je, umefikia kiwango cha kufikiria kujiua?"

Mgonjwa akijibu ndiyo, rafiki asishtuke mbele yake, asimkemee, na asiahidi kuitunza siri hiyo. Asimwache peke yake. Vitu ambavyo angeweza kujidhuru navyo, zikiwemo dawa za kunyunyizia mimea zinazohifadhiwa nyumbani, viondolewe au vifungiwe. Mtu mzima anayeaminika aitwe, na mgonjwa apelekwe hospitalini siku hiyo hiyo. Nchini Kenya kuna pia nambari 1199 ya Shirika la Msalaba Mwekundu, isiyolipiwa, na huduma ya Befrienders Kenya kwa nambari 0722 178 177.

Kwa muda mrefu sheria ilizidisha ugumu wa kusema ukweli huu. Kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu kilifanya jaribio la kujiua kuwa kosa la jinai, na aliyenusurika angeweza kushtakiwa na kufungwa. Familia zilikuwa na sababu ya kuficha, na mgonjwa alikuwa na sababu ya kukana. Mnamo tarehe 9 Januari 2025, Jaji Lawrence Mugambi wa Mahakama Kuu alitoa uamuzi kwamba kifungu hicho kinakiuka Katiba, zikiwemo haki za afya, usawa na heshima ya utu. Kesi hiyo ilikuwa imewasilishwa na Tume ya Kitaifa ya Haki za Binadamu pamoja na wenzake. Kabla ya hapo, marekebisho ya Sheria ya Afya ya Akili ya mwaka 2022 yalikuwa yamesisitiza huduma katika ngazi ya kaunti na ya jamii. Hata hivyo, uamuzi wa mahakama haufuti aibu vijijini kwa siku moja. Rafiki anayesema "aliugua" badala ya "alifanya upumbavu" anaupeleka uamuzi huo mahali ambapo mawakili hawafiki.

Ushahidi kutoka ng'ambo ya mpaka

Je, watu wa kawaida wanaweza kweli kuleta tofauti? Jibu lipo Uganda. Mwaka 2002, watafiti walifanya jaribio katika vijiji 30 vya wilaya za Masaka na Rakai. Hawakuanza na istilahi za vitabu vya kigeni. Walianza na maneno ambayo wazungumzaji wa Kiganda wenyewe walikuwa nayo kwa hali hiyo, mojawapo likiwa na maana ya kujichukia na jingine kujihurumia. Kisha waliunda vikundi vya wanawake na vikundi vya wanaume, vilivyokutana mara moja kwa wiki kwa wiki 16. Viongozi wa vikundi hawakuwa madaktari. Walikuwa wenyeji waliopewa mafunzo ya wiki mbili.

Matokeo yalichapishwa mwaka 2003. Katika vijiji vilivyopata vikundi, kiwango cha waliokuwa na sonona kilishuka kutoka asilimia 86 hadi 6.5. Katika vijiji ambavyo havikuvipata, kilishuka kutoka asilimia 94 hadi 54.7. Mwaka 2016 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo wa tiba hiyo ya vikundi. Mafunzo ya jaribio hili ni mawili. Kwanza, ugonjwa huweza kuzungumzwa na kutibiwa kwa lugha ya mgonjwa. Pili, kusikilizana kwa utaratibu, kila wiki, bila kukosa, kuna nguvu. Wasamia, ambao mpaka wa kikoloni uliwaacha pande zote mbili, hawana sababu ya kuuona ushahidi huu kuwa wa mbali.

Mipaka ya rafiki

Ikumbukwe, hata hivyo, kwamba viongozi wale walifunzwa na walisimamiwa. Rafiki hajafunzwa. Anayejaribu kuwa tabibu, mlinzi, mfadhili na mchungaji kwa wakati mmoja atachoka, na uchovu wake utamfikia mgonjwa kama kukataliwa. Kwa hiyo mzigo ugawanywe. Mmoja apite Jumatano, mwingine Jumamosi. Mmoja ashughulikie nauli, mwingine azungumze na wazazi. Rafiki naye awe na mtu wa kumweleza yaliyomlemea, bila kutangaza siri za mgonjwa.

Kadhalika, asitarajie kupona kwa mstari ulionyooka. Mgonjwa huweza kucheka Jumatatu na kufunga mlango Alhamisi. Kurudi nyuma kwa siku moja si ushahidi kwamba juhudi zimepotea. Na ikitokea kwamba licha ya yote mgonjwa amefariki, rafiki hapaswi kujibebesha hatia. Yapo maradhi yanayoua hata penye mapenzi na hata penye madaktari.

Hitimisho

Makala haya yameonyesha kwamba sonona ni ugonjwa wenye dalili, chanzo na tiba, na kwamba kwa mkaazi wa Sigalame rafiki ndiye mara nyingi wa kwanza kuuona. Yameonyesha pia kwamba lugha huweza kuufunika ugonjwa huu au kuufichua. Wanafunzi wa Kiswahili wana wajibu maalumu hapa. Wao ndio watakaokuwa walimu, watangazaji, wakalimani hospitalini na waandishi wa vijitabu vya afya. Wakitofautisha sonona na msongo wa kawaida wa mawazo, wakaacha kauli zinazolaumu, watakuwa wamemfungulia mgonjwa mlango wa kusema. Kwa sasa lililo karibu zaidi ni likizo ijayo. Katika kila kijiji yupo mtu atakayeamkiwa, naye atajibu "Sijambo". Asiachwe hapo.